Orodha ya Simu na Ramani ya Setilaiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mezani kwa Fundi

Meza yangu ya ufundi iko Dar es Salaam. Wateja wengi huja na kioo kilichopasuka au chaji isiyoingia, lakini wakikaa kwenye benchi kusubiri, maswali ni yale yale: huyu alinipigia saa ngapi, na hii simu inajuaje nilipo? Nimeyakusanya hapa nipunguze kurudia. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimetaja namba ya swali.

## Orodha ya simu

1. Orodha ya simu ni nini, na inakaa wapi?

Ni daftari lililomo ndani ya simu yako. Kila simu inapoingia au kutoka, mashine inaandika mstari mmoja: namba, mwelekeo, tarehe, saa na muda wa mazungumzo. Haikai kwenye laini. Ndiyo maana ukihamishia laini kwenye simu nyingine, unakuta orodha tupu na kudhani kuna mtu kafuta.

Jina unaloliona halitoki kwa aliyepiga. Linatoka kwenye majina uliyohifadhi mwenyewe. Ukimhifadhi bosi kwa jina la "Fundi Bomba", orodha itaapa kwamba fundi bomba amekupigia mara sita. Nimeona ndoa zikitikiswa na jambo hili.

Daftari lina mwisho. Android ya kawaida huweka simu 500 za karibuni, na mpya ikiingia ya zamani kabisa inadondoka, ingawa baadhi ya watengenezaji hubadilisha kiwango hicho. Vitochi huweka chache zaidi. Kama kuna simu unayoihitaji kwa ushahidi, ipige picha ya skrini leo.

2. Vile vimishale vina maana gani?

Mshale unaoshuka kuelekea kushoto ni simu iliyoingia ukapokea. Unaopanda kulia ni uliyopiga wewe. Mwekundu uliopinda ni miskoli. Kama simu ina laini mbili, pembeni kuna 1 au 2 kuonyesha ilipitia laini gani. Mwenye namba ya biashara na ya nyumbani kwenye simu moja asikipuuze kinamba hicho, maana ndicho kinachomwambia aitikie "karibu dukani" au "shikamoo mama".

3. Mbona saa kwenye orodha haifanani na ile aliyosema mwenyewe?

Hili linaongoza. Mama mmoja muuza vitenge alikuja na simu mkononi na hasira usoni. Fundi cherehani wake alidai kampigia "saa mbili usiku" na hakupokelewa. Mama kaipitia orodha nzima, hakuna mbili popote. Kuna miskoli ya 20:14. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo saa mbili na dakika kumi na nne. Akacheka, akampigia fundi palepale mbele yangu.

Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Ikiwa simu inaonyesha saa 7 hadi 18, toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane: 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Kuanzia 00 hadi 06, jumlisha sita: 03:00 ni saa tisa usiku.

Angalia na tarehe. Simu iliyoingia saa saba usiku, yaani 01:00, imeandikwa tarehe mpya, wakati mpigaji atakuambia "nilikupigia jana usiku". Wote wawili wako sahihi. Wazee wa pwani, ambao siku yao huanza magharibi, wataita usiku huo kwa jina la siku mpya, kama simu, na nao hawajakosea.

4. Orodha inaonyesha mwaka 1970. Simu ina jini?

Haina. Simu nyingi huhesabu wakati kuanzia tarehe 1 Januari 1970, kwa hiyo zikipoteza saa hurudi hapo. Nyingine hurudi tarehe ya kiwandani. Hutokea betri ikiisha kabisa au ikichomolewa. Simu zilizopigwa wakati huo zitakuwa zimeangukia chini kabisa ya orodha. Washa mpangilio wa saa kutoka kwenye mtandao, na simu mpya zitakaa mahali pake. Zile za zamani hazijirekebishi.

5. Hakupokea, lakini orodha inaonyesha sekunde 12. Na salio limekatwa!

Muda huanza kuhesabiwa upande wa pili unapopokea, na si lazima anayepokea awe mtu. Kama mwenzako amewasha huduma ya ujumbe wa sauti, mashine ndiyo iliyopokea na mtandao umekutoza. Ukisikia sauti ya kurekodiwa inakuambia uache ujumbe, na huna cha kuacha, kata.

6. Mbona mtu mmoja anatokea mara mbili, mara ana jina, mara ni namba tupu?

Namba moja imeandikwa kwa mitindo miwili: ya kuanzia na 0, na ya kuanzia na +255. Simu nzuri hutambua kwamba ni mtu yule yule, nyingine hazitambui. Hifadhi majina yote kwa +255 (Kenya +254, Uganda +256, Kongo +243, na kadhalika). Faida yake utaiona ukivuka mpaka: namba ya kuanzia na sifuri haitapiga nyumbani ukiwa Nairobi.

7. Simu za WhatsApp mbona hazimo?

Kwenye Android, WhatsApp ina daftari lake, liko ndani ya programu yenyewe sehemu ya simu. Kwenye iPhone zinaweza kuonekana pamoja na simu za kawaida. Anayetafuta ushahidi aangalie sehemu zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

8. Nikifuta orodha, imefutika kweli?

Imefutika kwenye simu yako. Kampuni ya mtandao ina rekodi zake za nani kampigia nani, saa ngapi na kwa muda gani, kwa sababu bila hizo isingeweza kukutoza. Hizo hazigusiki kwa kidole chako.

Halafu kuna nakala. Android iliyounganishwa na akaunti ya Google inaweza kuhifadhi historia ya simu pamoja na nakala rudufu, na ukinunua simu mpya ukarejesha nakala, mistari ya zamani inarudi nayo. Kwa iPhone, simu mbili zinazotumia akaunti moja ya Apple zinaweza kuonyeshana orodha. Baba aliyemfungulia mwanawe simu kwa akaunti yake mwenyewe huja kushangaa hapa mezani: "Mbona simu zangu anaziona mtoto?" Dawa ni kila mtu kuwa na akaunti yake.

9. Naweza kuiomba kampuni ya simu inipe rekodi za mume wangu, au mke wangu?

Hapana. Rekodi za mtu mwingine hazitolewi kwa sababu mna cheti cha ndoa. Hutoka kwa njia ya kisheria, yaani polisi wakiwa na kesi au mahakama ikiamuru. Za kwako mwenyewe, nenda duka la kampuni yako na kitambulisho uulize utaratibu wao. Anayekuambia "ana mtu wake ndani" atakayezitoa kwa elfu hamsini, ama anakutapeli wewe ama anavunja sheria pamoja nawe.

10. Watu wanasema wananipigia sipokei, na orodha yangu ni tupu. Hata miskoli hamna.

Kwanza angalia kama umewasha hali ya ndegeni, au kama umemzuia mtu huyo. Kama sivyo, piga *#21#. Skrini itakuonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Simu iliyoelekezwa moja kwa moja haifiki kwako kabisa, ndiyo maana haiachi alama. Kufuta maelekezo yote, piga ##002#, lakini ujue itaondoa na yale uliyoyaweka mwenyewe, mfano ya ujumbe wa sauti.

Hapa matapeli wanajificha sana. Mtu anakupigia, anajitambulisha kama wa huduma kwa wateja, anakuambia "bonyeza hizi namba kuboresha laini". Namba zenyewe zinaanza na *21* au **21* na zinaishia na namba yake. Ukibonyeza tu, simu zako zinaita kwake, pamoja na zile za kuthibitisha akaunti. Na uzushi unaozunguka kwamba *#21# inaonyesha "nani anakusikiliza" si kweli. Inaonyesha maelekezo ya simu, basi.

11. Nimekuta miskoli ya namba ndefu ya nje ya nchi. Nipige?

Kama huna ndugu huko, usipige. Ni utapeli wa kubipu, wanaouita kwa Kijapani "wangiri", maana yake mlio mmoja na kukata. Wanataka upige wewe, simu iingie kwenye namba ya gharama kubwa, wao wapate mgao. Sisi tuliokua na kubipu ndio tunaonasa kwa urahisi, kwa sababu adabu inatutuma kumrudia aliyebipu. Soma tarakimu zinazofuata alama ya kujumlisha kwanza. Kwa matapeli wa hapa nchini Tanzania, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ripoti namba yao kwenda 15040.

## Setilaiti na ramani

12. GPS inakula bando?

GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua ilipo, haili hata senti. Simu yako inasikiliza tu, kama redio. Setilaiti haijui kwamba wewe upo, haijui jina lako, na haipokei chochote kutoka kwako. Kinachokula bando ni picha ya ramani, majina ya mitaa na habari za foleni, ambavyo vinatoka kwenye intaneti. Wateja wengi huchanganya mambo haya mawili, na karibu maswali yote yanayofuata yanazaliwa hapo.

13. Inajuaje nilipo, basi?

GPS ni mali ya Marekani. Setilaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,200 na kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Urusi wana GLONASS, Ulaya Galileo, China BeiDou, na simu nyingi za sasa zinasikiliza zaidi ya mfumo mmoja kwa wakati mmoja.

Kila setilaiti inatangaza bila kukoma: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu ni hii. Tangazo hilo linafika kwako kwa mwendo wa mwanga, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Simu inapima limechelewa kiasi gani, inapata umbali. Ikizipata setilaiti nne, inapiga hesabu ya mahali ulipo, urefu kutoka usawa wa bahari, na saa sahihi. Mchezo wote ni wa saa. Ukikosea sekunde moja uliyoigawa mara milioni, umekosea mita 300, yaani kutoka mtaa wako hadi wa pili.

Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia. Walipoacha, ndipo vifaa vya kawaida vikaanza kuaminika.

14. Nikiwa porini bila mtandao itafanya kazi?

Mahali utapajua, ramani ndiyo itakosekana. Utaona kidoti cha bluu juu ya skrini tupu. Kwa hiyo pakua eneo lote nyumbani kabla ya safari. Google Maps ina sehemu ya ramani za nje ya mtandao. Organic Maps na OsmAnd zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kawaida huichora. Kwa Dar ramani hiyo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora vichochoro, mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika.

15. Mbona inachelewa kunipata, hasa nikitoka safari ya mbali?

Simu inahitaji kujua kila setilaiti iko wapi. Ikiwa na intaneti, inaomba habari hizo na kuzipata mara moja. Bila intaneti inazisubiri kutoka angani, taratibu. Data ya setilaiti moja huchukua kama nusu dakika, na kalenda nzima ya setilaiti zote dakika 12 na nusu. Umeshuka basi kijijini, simu ilizimwa njia nzima? Simama pasipo na paa, tulia. Kutembea huku unaitikisa hakuisaidii.

16. Kwa nini inaniweka nyumba ya jirani?

Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita tano. Ukiwa chini ya bati au katikati ya maghorofa ya Kariakoo, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia, njia inarefuka, na hesabu inaharibika. Angalia duara la bluu hafifu linalozunguka kidoti: likiwa kubwa, simu inakiri kwamba inakisia.

Kama kidoti kiko sawa lakini mshale unatazama nyuma, hiyo ni dira, si setilaiti. Izungushe simu hewani kwa umbo la namba nane mara kadhaa, mbali na spika na kava lenye sumaku.

17. Ramani imenipeleka njia ya ajabu. Kosa la nani?

Si la setilaiti. Yenyewe inasema ulipo tu, njia imechaguliwa na programu kwa data iliyo nayo. Na Dar ina mitego yake. Mvua ikinyesha na Jangwani ikajaa maji, Barabara ya Morogoro inafungwa, lakini ramani inaweza kukupeleka huko huko hadi taarifa ziifikie. Ukienda Kigamboni inaweza kukuchagulia kivuko cha Magogoni bila kuhesabu vizuri foleni ya kusubiri pantoni, wakati daraja lipo. Ubungo na TAZARA barabara zimepandiana, na simu haiwezi kutofautisha vizuri aliye juu ya daraja na aliye chini. Utasikia "pinda kulia" nawe uko hewani.

Bodaboda wazuri ninaowajua wanaitumia hivi: ramani iwafikishe mtaani, halafu wanampigia mteja. "Niko kwenye duka la rangi ya kijani, nakuja juu au chini?" Swali hilo bado halina programu. Kaskazini na kusini usimuulize mtu.

18. Nimetumiwa namba mbili zenye nukta na mkato. Nizifanyeje?

Hizo ni koodineti. Ziandike kwenye sehemu ya kutafuta ya ramani kama zilivyo. Ya kwanza ni umbali kutoka ikweta, ya pili ni mashariki au magharibi. Katikati ya Dar ni kama -6.8, 39.28. Ile alama ya kutoa ina maana uko kusini ya ikweta. Ukiisahau, ramani itakupeleka Ethiopia, upande wa Bale. Ukigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, utatua Uhispania karibu na mpaka wa Ureno. Dereva mmoja wa kirikuu alinionyesha safari ya siku kadhaa na kivuko cha bahari kwa mzigo wa kupeleka Mbagala.

Tarakimu baada ya nukta ndizo usahihi: nne zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, tano ndani ya mita moja na kidogo. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Pia kuna anwani fupi za Google (Plus Codes) zenye alama ya kujumlisha katikati. Zikiandikwa kamili, za Dar es Salaam huanza na 6G5X, na za Mjini Unguja pia, kwa kuwa ziko kwenye mraba mmoja. Zinafaa kwa nyumba isiyo na namba. Siku hizi mitaa mingi ya Tanzania ina vibao na namba tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, basi kama nyumba yako ina kibao, kisome kwanza.

19. Nimemtumia lokesheni, mbona kaenda nilipokuwa asubuhi?

Kwa sababu ulituma ya papo hapo, na hiyo ni kama picha: haisogei. Ukitaka akufuate ukitembea, chagua ya moja kwa moja. WhatsApp inakupa dakika 15, saa moja au saa nane. Kabla ya kutuma, subiri duara (swali la 16) lipungue. Anayetuma haraka akiwa ndani hutuma nyumba ya jirani, halafu anamlaumu bodaboda.

20. Betri inaisha haraka nikiwasha ramani.

Itaisha. Skrini inayowaka muda wote ndiyo inayokula zaidi, kisha intaneti, kisha GPS. Sikiliza maelekezo kwa sauti na uzime skrini.

## Pale orodha na ramani vinapokutana

21. Mtu akinipigia anaona nilipo?

Haoni. Simu ya kawaida haibebi koodineti zako. Na programu zinazodai "andika namba ya mtu uone alipo" zinakuonyesha uongo huku zikichukua habari zako. Mahali pako huonekana kwa yule uliyemruhusu wewe, au kwa aliyeshika simu yako dakika mbili akajiruhusu mwenyewe. Fungua Google Maps, gusa picha yako, angalia sehemu ya kushiriki mahali. Ukikuta jina usilolitegemea, liondoe.

22. Nikizima lokesheni nimejificha?

Kwa programu, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwa kampuni ya simu, hapana. Ili simu ikufikie, mtandao lazima ujue uko chini ya mnara gani. Ni makadirio, mita mia kadhaa mjini na kilomita kadhaa kijijini, lakini hayazimwi kwa kitufe. Yanazimika simu ikizimwa, au ikiwa hali ya ndegeni.

23. Programu ya mkopo inataka kuona majina, orodha ya simu na mahali nilipo. Nikubali?

Usikubali. Anayetaka orodha yako ya simu hataki kujua kama utalipa. Anataka kujua atamdhalilisha nani ukichelewa. Unaowapigia kila siku ndio watakaotumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Google ilibana ruhusa ya orodha ya simu kwa programu nyingi kuanzia 2019, na mwaka 2023 ikazikataza programu za mikopo kugusa majina na picha, kwa hiyo inayokuambia upakue faili lake nje ya Play Store ina sababu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Hakikisha mkopeshaji wako ana leseni kabla hujagusa kitu.

Kama ulishakubali, nenda kwenye mipangilio, programu, ruhusa, uzime moja moja. Kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa pa kulalamikia.

24. Simu imeibiwa. Naipataje?

Kwa simu ya mtu mwingine, ingia kwenye huduma ya Google au Apple ya kutafuta kifaa. Ifunge kwanza, ramani baadaye. Simu nyingi huonekana tu zikiwa zimewashwa, na lazima huduma hiyo iwe ilikuwa hai kabla ya kuibiwa. Ramani ikionyesha nyumba, usiende peke yako kubisha hodi: soma tena swali la 16 kuhusu nyumba ya jirani. Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, fungia laini na akaunti ya pesa mara moja, na uwape polisi IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu inayotokea ukipiga *#06#. Iandike leo kwenye karatasi. Ukishaibiwa huna pa kuipigia.

25. Nimepotea, betri asilimia nne, mtandao unakuja na kwenda. Nianze na nini?

Punguza mwanga wa skrini, zima intaneti. Fungua ramani, bonyeza kwa muda juu ya kidoti cha bluu, soma namba mbili. Ziandike kwenye SMS pamoja na alama ya kutoa kama uko kusini ya ikweta, utume kwa mtu wa juu kabisa kwenye orodha yako ya simu, ambaye huenda ndiye unayezungumza naye zaidi. SMS hupenya pale sauti inaposhindwa, na yeye atabaki nayo hata simu yako ikizimika. Kisha, kwa kilichobaki, piga namba ya dharura, 112.